Unataka kujitolea kwenye utafiti wa pomboo, nyangumi na sili? Soma hii kabla hujatuma hela

Siku yangu ya kwanza kwenye boti ya utafiti nilikodolea maji macho masaa sita na nilichoambulia ni ndege wawili na dumu la plastiki linaelea. Nikasema moyoni leo tumekula hasara. Kumbe dada aliyeshika daftari kajaza kurasa nne nzima, saa tulizoanza kuangalia, saa tulizopumzika, mawimbi yalivyokuwa kila nusu saa, mawingu, jua linapiga machoni upande gani, boti za uvuvi tulizopishana nazo, hata lile dumu kaliandika. Nikamuuliza sasa unaandika nini na wakati hatujaona kitu? Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "kutoona nako ni data mdogo wangu, bila hiyo hata kesho ukiona pomboo mia haisaidii kitu."

Naanza na hii kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za kujitolea wanakuja na picha ya kuogelea na pomboo kichwani, na mi sitaki kumvunja mtu moyo ila ukija na picha hiyo aidha utarudi umenuna au, mbaya zaidi, utaangukia kwa watu ambao watakuuzia hiyo hiyo picha. Kazi yenyewe ni kusubiri, kuhesabu, kuandika, kuosha na kubeba. Ukishaikubali hivyo, aisee, ni kazi tamu.

Anzia nyumbani kwanza, ni bure

Kabla hujafikiria tiketi ya ndege kaa kwenye kompyuta wiki mbili. Kuna Happywhale, ilianza 2015, watu wanapandisha picha za nyangumi walizopiga popote pale duniani na programu inalinganisha mkia na mikia iliyopo kwenye hazina yao, kama anajulikana unaambiwa ni nani na alionekana wapi kabla ya hapo. Kuna Zooniverse pia, ambako miradi tofauti inaweka picha au sauti na watu wa kawaida wanasaidia kuhesabu na kupanga. Hakuna anayekuuliza cheti. Faida yake sio kwamba utakuwa mtaalamu, faida ni kwamba utajijua. Kama baada ya picha 200 za maji ya kijivu umechoka kabisa na hutaki kuona ya 201, basi ndugu yangu umejiokolea hela nyingi, na kama bado unasema hebu moja ya mwisho nilale, karibu, wewe ni mwenzetu.

Kazi ziko za namna gani

Kwa haraka haraka: kuna ya baharini kwenye boti, kuna ya kukaa juu ya mwamba au ufukweni na darubini unahesabu wanaopita, kuna hospitali za wanyama wa baharini, kuna vikosi vya uokoaji wa wanaopwelewa, yaani waliokwama ufukweni, na kuna ya ofisini. Hiyo ya kukaa mwambani inadharauliwa sana na sijui kwa nini, haichomi mafuta, haimsumbui mnyama, na ukilewa mawimbi haikuhusu. Uingereza kuna Sea Watch Foundation ambayo inategemea watu wa hivi kabisa, mtu anakaa na darubini yake anaandika anachoona na asichoona.

Ya boti ndo inayopendwa. Mnapangwa zamu, wawili wanaangalia, mmoja kushoto na mmoja kulia kuanzia omo, yaani mbele ya boti, mpaka ubavuni, wa tatu anaandika, baada ya muda mnabadilishana maana macho yanachoka na macho yaliyochoka yanaongopa. Boti inafuata mstari uliochorwa kwenye ramani kabla hamjatoka, na hapo ndo wageni wanaanza kulalamika, wanasema mbona kila mtu anajua pomboo wako ghuba ile pale halafu nahodha anapita kwingine? Sababu ni kwamba ukienda pale tu unapojua wapo utapata idadi ya uongo. Yaani ni sawa na kuhesabu watu wa mji mzima kwa kusimama mlangoni kwenye harusi.

Ukiona mnyama usipige kelele "pomboo! pomboo!" halafu ukaishia hapo. Kila mgeni anafanya hivyo, hata mimi. Kinachotakiwa kwanza ni saa, halafu pembe kutoka omo, halafu umbali, halafu ndo aina na idadi, kwa mpangilio huo huo, kwa sababu pembe na umbali vinabadilika kila sekunde lakini aina ya mnyama haitabadilika ukichelewa kuitaja. Idadi nayo unatoa tatu, ndogo kabisa unayoweza kuapia, kubwa kabisa, na ile unayoiamini. Na hapa niwape tahadhari wenzangu tunaohesabu saa kwa Kiswahili: kwenye boti nyingi upande unatajwa kwa namba za uso wa saa, omo ni 12, ubavu wa kulia ni 3, wa kushoto ni 9. Mwenzako akisema "three o'clock" kichwa chako kinatafsiri saa tisa fasta, unageuka kushoto kwenye 9, na mnyama yuko kulia anazama zake. Nilifanya hivyo mara mbili siku moja. Dawa yake ni kufikiria namba iliyoandikwa kwenye saa basi, usifikirie muda kabisa, au omba mtumie digrii.

Halafu mawimbi. Kuna kipimo cha upepo na hali ya bahari kinaitwa Beaufort, kuanzia 0 mpaka 12, na povu jeupe linaanza kuonekana hapa na pale ikifika 3. Kutafuta pomboo mdogo asiyeruka kwenye bahari yenye povu ni kama kutafuta punje ya mchele mweupe kwenye chumvi, kwa hiyo miradi mingi inasimamisha zamu ikizidi 3 au 4, na kwa wale wanyama wadogo wenye aibu wengine wanasimamisha mapema zaidi. Maana yake ni nini kwako? Maana yake kwenye wiki mbili ulizolipia unaweza kukaa bandarini siku nne unasikiliza upepo. Muulize mwenye mradi kwa kawaida mnapoteza siku ngapi, mkweli atakwambia bila kusita.

Pezi la mgongoni

Hii nataka nikae nayo kidogo kwa sababu ndo kazi ambayo mtu asiye na digrii yoyote anaweza kuifanya vizuri kuliko profesa mwenye haraka.

Pomboo wengi wana pezi la mgongoni ambalo ukingo wake wa nyuma umechanika chanika, kuna pengo hapa, kuna mchaniko pale, wameumwa na wenzao, wamekwaruzwa na kamba, na hayo mapengo yanabaki miaka. Nyangumi nundu yeye anatambulika kwa upande wa chini wa mkia, ule mchanganyiko wa nyeusi na nyeupe, ndo maana picha zote ni za mkia unapoinuka kabla hajazama. Oka, yule mweusi na mweupe ambaye wengine wanamwita nyangumi muuaji, anatambulika kwa pezi na lile doa la kijivu nyuma ya pezi. Canada mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Michael Bigg na wenzake walipoanza kusema kila oka anaweza kujulikana mmoja mmoja kwa picha, wapo walioguna, leo ndo njia ya kawaida duniani kote. Na kule Sarasota, Florida, wanafuatilia pomboo wale wale tangu 1970, ndo utafiti mrefu kuliko wote wa pomboo wa porini, wanajua nani ni bibi wa nani.

Sasa kazi yako. Kamera yenye lenzi ya milimita 300 kwenda juu, kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, na unapiga picha ukiwa sambamba na mnyama, sio kwa mshazari. Halafu sikiliza hii vizuri: unapiga kila pezi linalotokea, sio yale mazuri tu. Mkono unakimbilia lile lenye pengo kubwa kwa sababu unalijua na linafurahisha, lakini hesabu ya idadi inategemea kujua katika kundi wangapi wana alama na wangapi hawana, ukiwaruka wenye pezi laini umeharibu hesabu yote na hakuna atakayegundua. Mi naona hapo ndo uaminifu wa mvolontia unapimwa, kwenye kitu ambacho hakuna anayekuona.

Jioni mnakaa na picha 900. Zilizotoka na ukungu pembeni, zilizokata nusu pezi pembeni, zinabaki labda 140. Unachukua moja, unaikuza, unaanza kusoma ukingo kutoka juu kwenda chini, pengo dogo, pengo dogo, pengo kubwa la mviringo, kakia kadogo ka ngozi kamebaki kananing'inia. Unafungua katalogi, ile albamu ya mapezi yote yanayojulikana. Sio huyu. Sio huyu. Huyu anafanana ila pengo lake la pili liko chini. Baada ya dakika arobaini unampata, namba fulani, mara ya mwisho kupigwa picha ni miaka mitatu nyuma, na kile kakia kananing'inia hakakuwepo, kwa hiyo katikati ya hapo kuna kitu kilimpata. Unamwita mwenzako ahakikishe, maana mtu mmoja haruhusiwi kuamua peke yake. Hakuna aliyeogelea na mtu yeyote, uko kwenye kiti cha plastiki na macho yanauma, na bado unatabasamu kama mjinga.

Mavi, ndio, mavi

Kuna miradi ambayo kazi ya mvolontia ni kushika wavu mdogo wenye mpini na kuchota kinyesi cha nyangumi kabla hakijazama. Cheka tu. Mwaka 2001 kwenye Ghuba ya Fundy huko Canada watafiti walikuwa wanachota kinyesi cha nyangumi wanaoitwa raiti, wale wa Atlantiki ya Kaskazini, kupima homoni. Ikaja Septemba 11, yale mashambulizi ya kigaidi kule Marekani, meli zikapungua ghafla, kelele chini ya maji zikashuka, na homoni za msongo kwenye kile kinyesi zikashuka nazo. Matokeo yalichapishwa 2012 na ndo ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba kelele za meli zinawatesa nyangumi. Hakuna aliyepanga jaribio lile na lisingewezekana kupangwa, ila kwa sababu kuna watu walikuwa wanachota kinyesi kwa utaratibu ule ule kabla na baada, jibu likapatikana. Kwa hiyo ukipewa wavu usinune.

Hospitali za wanyama

Maarufu zaidi ni The Marine Mammal Center kule Sausalito, California, ilianza 1975 na inaendeshwa kwa mgongo wa mavolontia zaidi ya 1,000. Wagonjwa wengi ni sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya wanaopanda nchi kavu kupumzika, na jamaa zao simba bahari. Mwaka 1998 ndo hapo ilipotambulika kwamba wale simba bahari waliokuwa wanaletwa wanatetemeka na kuanguka kifafa walikuwa wamekula samaki wenye sumu ya mwani, asidi ya domoiki. Tangu siku hizo wagonjwa wa namna hiyo ni wa kawaida kwao.

Zamu kwenye sehemu za hivi inafanana popote utakapoenda. Unaingia asubuhi, unavaa ovaroli na mabuti ya mpira, unaloweka miguu kwenye dawa, unaosha vizimba, unayeyusha samaki, unapanga ndoo kwa kila mnyama na dawa zake, unaandika kala ngapi kaacha ngapi, unaosha tena. Wale wadogo wasiojua bado kula samaki mzima wanasagiwa samaki mpaka wawe kama uji, wanapewa kwa mpira unaopita mdomoni mpaka tumboni, na hiyo haufanyi siku ya kwanza wala ya kumi, utaanza kwa kushika mnyama tu huku mzoefu anapitisha mpira. Harufu ya samaki itakaa kwenye nywele. Kuna watu wanakuja siku moja na hawarudi, hakuna ubaya.

Kitu kinachowashangaza wageni: hamruhusiwi kuongea na wanyama. Hakuna kumwita jina kwa sauti tamu, hakuna kumkuna shingo, mnaingia na ubao mkubwa wa kujikinga mbele, mnafanya kazi kimya, mnatoka. Sili aliyezoea watu akirudishwa baharini atafuata boti na waogeleaji, na mwisho wake sio mzuri. Kwa hiyo hapa ni kula kwa macho, na hata macho yenyewe kwa kiasi.

Na sili anauma. Sio kidogo. Kuna ugonjwa kabisa unaitwa kidole cha sili, unaingia kwa kuumwa au hata kwa kidonda kidogo mkononi ukimshika, kidole kinavimba na kuuma vibaya mno, na penisilini haitibu, inatakiwa tetrasaiklini, kwa hiyo ukienda kwa daktari mwambie wazi nimefanya kazi na sili, usiseme tu nimejikata. Siku hizi kuna na homa ya ndege. Mwaka 2023 kirusi cha H5N1 kiliua simba bahari kwa maelfu kwenye pwani za Amerika Kusini, na kule Península Valdés, Argentina, karibu watoto wote wa sili tembo waliozaliwa msimu ule walikufa. Mradi ambao hauna glovu, barakoa na sehemu ya kunawa, ondoka, hata kama watu wake ni wazuri namna gani.

Akipwelewa

Hii hata kama hutajitolea popote ijue. Project Jonah ya New Zealand na British Divers Marine Life Rescue ya Uingereza wanafundisha watu wa kawaida kozi ya siku moja tu ya uokoaji, mnafanya mazoezi na nyangumi wa plastiki aliyejazwa maji, na ukishafuzu unaingia kwenye orodha ya kupigiwa simu. Farewell Spit kule New Zealand Februari 2017 walipwelewa nyangumi zaidi ya 400 kwa mkupuo, pwani yenyewe ni mchanga tambarare unaokwenda mbali na maji yanakupwa haraka, ikabidi mamia ya watu waingie majini.

Ukimkuta pomboo au nyangumi yuko hai mchangani, piga simu kwa wahusika kwanza kabla ya kugusa chochote. Usimvute kwa mkia wala kwa mapezi, unaweza kumtegua. Mweke alalie tumbo, chimba kidogo chini ya mapezi ya pembeni yasibebe uzito, mfunike na shuka zilizoloa maji ila acha wazi tundu la juu ya kichwa, hapo ndo pua yake, na maji yasiingie humo. Kaa mbali na mkia na usiinamie pale anapopumua. Watu wanyamaze, mbwa waondolewe. Na usimsukume baharini kwa huruma, mara nyingi aliyekuja peke yake anaumwa na atarudi mita mia mbili mbele akiwa hoi zaidi.

Sili ni hadithi nyingine kabisa. Sili anatoka majini kwa hiari yake kupumzika, ukimkuta amelala ufukweni huyo hajapwelewa, amelala. Usimmwagie maji, usimfukuze kuelekea baharini. Hawaii kuna aina ya sili wanaoitwa sili mtawa ambao wamebaki kama 1,600 tu, na kazi kubwa ya mavolontia kule ni kuzungushia kamba na vibao pale alipolala na kuwaelezea watu kwa upole wasogee nyuma. Siku nzima umesimama juani unalinda mnyama anayekoroma.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Niliwahi kulipa arbuni kwa sehemu iliyojiita hifadhi ya pomboo. Tovuti safi, picha za watu wanacheka. Kufika, hifadhi ni bwawa la zege, pomboo watatu wanazunguka mle mle, na "utafiti" ni kuandika wamekula ndoo ngapi kabla ya onyesho la mchana. Nilikaa siku mbili nikaondoka na arbuni haikurudi. Kosa langu ni kwamba sikuuliza maswali, na maswali yenyewe ni machache.

Kibali kiko kwa jina la nani? Marekani kwa mfano tangu sheria ya 1972 huwezi kumsogelea na kumsumbua mamalia wa baharini hivi hivi, nyangumi raiti ndo kabisa, yadi 500, kama mita 457, na watafiti wanaoruhusiwa kukaribia wana karatasi inayosema nani, wapi, wangapi. Nchi nyingi zina utaratibu wa namna hiyo. Mradi wa kweli atakutumia namba ya kibali hata hujamaliza kuuliza.

Data inakwenda wapi? Hili ndo swali langu ninalolipenda kuliko yote. Jibu zuri linataja kitu, makala iliyochapishwa, ripoti iliyopelekwa serikalini, katalogi inayotumiwa na wengine. Jibu baya ni "tunakusanya ili kuongeza uelewa".

Na hela yangu inalipa nini? Kulipia sio utapeli yenyewe kama yenyewe, mafuta ya boti na nahodha na chakula havitoki mbinguni, na miradi mingi mizuri isingekuwepo bila hizo ada. Hebridean Whale and Dolphin Trust pale Tobermory, Scotland, wanabeba mavolontia wanaolipa kwenye jahazi lao la Silurian. Tethys, taasisi ya utafiti ya Italia, imekuwepo tangu 1986 na wanachukua watu kwenye Bahari ya Liguria, ndani ya hifadhi ya Pelagos ambayo Italia, Ufaransa na Monaco waliisainia 1999. Earthwatch wanapeleka watu wa kawaida kwenye safari za kisayansi tangu 1971. Kinachotakiwa ni mchanganuo. Anayeweza kukwambia hii ni malazi, hii ni mafuta, hii ni bima, mwamini kidogo.

Zaidi ya hayo mi nina kipimo kimoja cha haraka: kadiri wanavyokuahidi utamgusa mnyama, ndivyo unavyotakiwa kurudi nyuma. Kuogelea nao umehakikishiwa, kumlisha mtoto wa sili kwa chupa siku ya kwanza, picha umemkumbatia, funga ukurasa. Mahali pazuri watakuahidi mvua na fomu za kujaza.

Kuomba nafasi

Barua isianze na "tangu utotoni nimewapenda pomboo". Kila barua wanayopokea inaanza hivyo. Anza na unachoweza kufanya kesho asubuhi. Unaendesha boti? Una cheti cha huduma ya kwanza? Unajua Excel vizuri, sio kufungua tu, kusafisha jedwali la mistari 5,000 ambalo watu wanne wameandika tarehe kwa namna nne? Unajua kutengeneza injini, kupika kwa watu kumi jiko likiyumba, kushona wavu? Nimeona fundi wa injini anachukuliwa na mwenye shahada ya uzamili anaachwa, na nilielewa kabisa kwa nini. Ukiwa umetoka familia ya wavuvi hiyo iandike juu kabisa, usiifiche, macho ya mvuvi yanaona vitu juu ya maji ambavyo sisi wengine tunafundishwa miaka.

Na wavuvi sio pembeni ya habari hii. Inakadiriwa nyangumi na pomboo wa kila aina zaidi ya 300,000 wanakufa kila mwaka kwa kunasa kwenye nyavu, nyavu za jarife, zile zinazosimama majini kama ukuta, zikiongoza kwa lawama. Vakita, jamaa mdogo wa pomboo wa Ghuba ya California, amebaki kama kumi hivi, na hakuna aliyekuwa anamtafuta yeye, jarife liliwekwa kwa ajili ya samaki mwingine. Kwa hiyo kuna nafasi za kujitolea ambazo hutaona pezi hata moja, unakaa bandarini unaongea na wavuvi, unaandika nyavu gani, usiku gani, kina gani, wameona nini. Anayejua kusikiliza bila kuhukumu anatafutwa sana huko.

Sema ukweli kuhusu afya. Kama bahari inakulevya andika, watakupangia kituo cha pwani, ni bora kuliko kugundulika mko maili thelathini nje na boti haiwezi kugeuza kwa ajili yako. Miradi mingi inataka 18 kwenda juu. Bima hakikisha inataja kazi za boti, na viza uliza mapema kwa maandishi, maana nchi nyingine kujitolea kunahesabika ni kazi hata kama hulipwi.

Vitu vya kubeba na siku mbaya

Miwani ya jua inayokata mng'ao, hii usiibanie. Nguo za tabaka tabaka, masaa matatu ya upepo juu ya sitaha yanakausha mifupa hata jua likiwa kali. Darubini ya 7x50, yaani inayokuza mara saba, ndo ya baharini, yenye kukuza zaidi ya hapo inatetemeka mkononi huoni kitu. Penseli, sio kalamu, penseli inaandika kwenye karatasi iliyoloa. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla hujapanda, ikishaanza umechelewa, kaa nje uangalie upeo wa bahari na usiangalie simu.

Na jiandae kwa mizoga. Hakuna anayeiweka kwenye tovuti, ila utaitwa alfajiri moja, kuna nyangumi amekufa ufukweni na daktari wa wanyama anataka watu wa kushika kamba ya kipimo. Mnapima kutoka ncha ya taya mpaka kwenye pengo la katikati ya mkia, mnapiga picha kila kovu, mnakata vipande vya mafuta na nyama vya maabara. Wa kwanza kwangu alikuwa na alama ya kamba imezama kwenye mzizi wa mkia mpaka mfupani, na tumboni hamna kitu. Ile harufu ilikaa kwenye ngozi siku tatu, viatu nilitupa. Jioni ile hakuna aliyeongea sana, kila mtu alikaa na karatasi zake akanakili vipimo kwa mwandiko safi.

Muda wako ukiisha usiondoke kama mtalii. Pitia karatasi zako zote ulizojaza, palipo na herufi isiyosomeka rekebisha ukiwa bado unakumbuka, sahihisha saa uliyoandika vibaya, waachie picha zako zote zikiwa na tarehe na mahali, waombe barua ya kukutambua wakati sura yako bado wanaikumbuka. Na uliza katalogi inaangaliwa vipi ukiwa mbali. Mi yule wa kakia kananing'inia namfuatilia mpaka leo, mwaka jana alionekana tena, kakia kamekatika, na pembeni yake kuna pezi dogo laini ambalo bado halina alama yoyote.